UZI: Mbunge wako kachangia nini hasa kuhusu utawala bora na usawa? Namna ya kusoma Hansard mpaka upate jibu

Mkolani_Juu (mleta uzi)

Mwangaluka wadau wa Mwanza, pamoja na ndugu zetu wa visiwani na ng'ambo ya Kigongo.

Kila mjadala wa wabunge ukianza humu, inaletwa skrinishoti ya tovuti ya Bunge: huyu ana michango mingi, yule ana michache, basi wa kwanza mchapakazi na wa pili mzigo. Namba zile zinahesabu mara ambazo mbunge amesimama. Aliyesimama akamshukuru Waziri na kuomba gari la wagonjwa anapata moja. Aliyepangua kifungu kinachonyima watu haki naye anapata moja. Ukitaka kujua mbunge amefanya nini kwenye utawala bora na usawa, namba hiyo iweke pembeni, fungua Taarifa Rasmi yenyewe, yaani Hansard.

Ukiwa nayo mkononi, swali la kuuliza ni hili: aliomba nini kibadilike, alitumia njia gani ya kikanuni, na alijibiwa nini? Mchango usio na ombi ni hotuba. Ombi lisilo na njia ni malalamiko. Ombi lenye njia lakini halikufuatiliwa baada ya jibu limeishia hewani.

Njia zenyewe mbunge wa kawaida anazo chache. Kuna swali la msingi na maswali ya nyongeza yanayofuata papo hapo. Kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, siku ya Alhamisi. Kuna kuchangia hoja iliyo mezani, iwe bajeti ya wizara, muswada au taarifa ya kamati. Hapa Kiti, yaani Spika au anayeongoza kikao, hutangaza dakika, mara nyingi 10 au pungufu kadiri wachangiaji wanavyozidi. Kuna kushika shilingi kwenye Kamati ya Matumizi. Kuna jedwali la marekebisho wakati wa muswada, yaani maandishi ya mbunge ya kubadili maneno yake. Kuna hoja binafsi na muswada binafsi. Na kuna kazi ya kamati, ambayo sehemu kubwa haionekani kwa jina la mtu.

Uzito wake haulingani. Mfano wa hoja binafsi iliyotikisa nchi ni ile ya Zitto Kabwe ya Agosti 2007 kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi, hapo Kahama kwa jirani zetu. Alisimamishwa ubunge kwa muda, lakini mjadala wa mikataba ya madini haukuzimika, na Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta nzima. Miezi michache baadaye, Februari 2008, Kamati Teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, chini ya Harrison Mwakyembe, ikasoma taarifa yake na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Ile ilikuwa kamati yenye hadidu za rejea, mashahidi na nyaraka. Hotuba ya dakika 10 isingefika pale.

Mkoa wetu una majimbo 9: Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sumve, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Naomba uzi huu uwe wa kazi. Anayejua kipengele akiweke kwa ukamilifu wake, na anayeona nimeteleza anisahihishe.

Karatasi_Mezani

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze upande wa kutafuta, maana hapo ndipo wengi wanakata tamaa.

Kwanza tofautisha Mkutano na Kikao. Mkutano ni kipindi kizima, kwa mfano ule wa bajeti unaoanza Aprili na kuisha mwishoni mwa Juni. Kikao ni siku moja. Kila faili la Hansard ni la kikao kimoja, na juu yake pameandikwa Mkutano wa ngapi, Kikao cha ngapi na tarehe. Ukinukuu, taja vyote vitatu. Ukisema tu "alisema bungeni Mei" hakuna atakayekuthibitishia.

Ukishafungua faili, usitafute jina la ukoo peke yake, litakuletea kila mahali Spika alipomtaja na kila Waziri alipomjibu. Tafuta jina likiwa na nukta mbili mbele yake, kama linavyoandikwa msemaji anapoanza: MHE., jina, halafu nukta mbili. Hapo unatua moja kwa moja pale alipofungua mdomo. Tahadhari: wapo wanaobadilisha mpangilio wa majina katikati ya muhula, na tahajia nayo hutofautiana kikao hadi kikao.

Kwa mada, tafuta shina la neno, usitafute neno zima. Kiswahili chetu hubadilika kichwani. "lemavu" italeta walemavu, ulemavu na mwenye ulemavu. "wajibik" italeta uwajibikaji, kuwajibika na wawajibike, lakini haitaleta kuwajibisha, kwa hiyo rudia na "wajibish". "adilif" italeta uadilifu na waadilifu. Neno "usawa" litakuletea pia usawa wa bahari na usawa wa ziwa, hasa kwenye bajeti ya maji, kwa hiyo soma sentensi kabla hujahesabu. "jinsi" usiitumie kabisa, itakujazia "jinsi ya" kurasa zote. Andika "jinsia". Tafuta pia "wanawake" na "mwanamke" kila moja peke yake.

Kitu kingine kinachopoteza watu ni wizara kubadilishwa majina. Masuala ya jinsia tangu Januari 2022 yana Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Kabla ya hapo, tangu mwishoni mwa 2015, yalikuwa ndani ya Wizara ya Afya, kwa hiyo mchango wa usawa wa mwaka 2018 utaukuta katikati ya mjadala wa dawa na zahanati. TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) nayo hadi 2015 ilikuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, halafu ikahamishiwa Ofisi ya Rais. Ukitafuta kwa jina la leo kwenye Bunge la zamani utasema mbunge hakuchangia, kumbe umegonga mlango usio wake.

Hansard za miaka ya nyuma zina pia sehemu ya michango ya maandishi. Iko mwishoni mwa mjadala wa siku, na wengi hawafiki huko. Mbunge aliyekosa nafasi ya kusema aliandika, ikaingia kwenye kumbukumbu. Isome kabla hujamwita mtu bubu.

Nansio_Bandarini

Nami naongeza onyo dogo. Hansard ya Dodoma ina mipaka yake. Sisi wa Ukerewe tunalijua hili kupitia Mama Getrude Mongella. Alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Beijing 1995, akawa mbunge wetu kuanzia 2000 hadi 2010, na kati yake, 2004 hadi 2009, akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Aliyoyasema kule kwenye Bunge la Afrika hayamo kwenye Hansard ya Dodoma. Vivyo hivyo wabunge wetu wa Afrika Mashariki: Bunge la Arusha lina kumbukumbu zake. Ukimpima mtu kwa kabati moja wakati karatasi zake ziko makabati mawili, unamdhulumu.

Na mbunge akiwa Waziri, usitafute akiikosoa Serikali, hutapata. Yeye anajibu kwa niaba ya Serikali na anafungwa na uwajibikaji wa pamoja wa Baraza la Mawaziri. Mpime kwa majibu yake, miswada aliyoleta na ahadi alizotimiza.

Igoma_Kati

Swali kwa wakuu. Mtu akisema "aliomba Ibara ya 12 ibadilishwe", ni Ibara ya Katiba au ya nini? Nimekuta kwenye mjadala wa muswada, na Ibara ya 12 ya Katiba ndiyo ile ya binadamu wote kuzaliwa huru na sawa. Sasa inachanganya.

Karatasi_Mezani

Swali zuri, na wengi wanaanguka hapo. Kwenye muswada kila kipande kinaitwa Ibara. Muswada ukipitishwa na kusainiwa ukawa sheria, kile kile kinaitwa kifungu. Kwenye Katiba inabaki Ibara siku zote. Kwa hiyo mbunge akisimama kwenye Kamati ya Bunge Zima akasema "Ibara ya 12", anazungumzia karatasi ya muswada iliyo mezani siku ile. Angalia juu ya ukurasa ni muswada gani.

Nikae kidogo kwenye jedwali la marekebisho, maana kwangu ndilo kipimo kikubwa kuliko vyote. Muswada unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kamati husika, kamati inaita wadau, unarudi kusomwa mara ya pili na kujadiliwa, halafu Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupita ibara moja baada ya nyingine. Hapo mbunge anatakiwa awe ameshapeleka maandishi kwa Katibu, yakagawiwa kwa wabunge wote. Hawezi kusimama tu akasema "hii ibara haiko sawa".

Sasa tazameni kitu kidogo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, kwa hiyo ugomvi mkubwa unaweza kuwa juu ya silabi. Chukueni mfano huu wa kutunga:

"Halmashauri inaweza kutenga eneo la wafanyabiashara wenye ulemavu katika kila soko."

Mbunge akileta jedwali linalosema: kufuta maneno "inaweza kutenga" na kuweka badala yake neno "itatenga", amebadili kila kitu. Ya kwanza ni hiari. Mkurugenzi asipotenga, hakuna wa kumuuliza. Ya pili ni wajibu, na asiyeutimiza anaweza kushitakiwa. Mchango wa namna hiyo kwenye Hansard unaweza kuwa mistari mitano. Haupigiwi makofi, hausambai mitandaoni, na unaweza kubadili maisha ya watu kwa miaka 30.

Kinachoharibika mara nyingi ni hivi: jedwali limechelewa kuwasilishwa, au limeandikwa sera bila maneno kamili ya kufuta na kuweka, au mbunge kaandika lakini siku ya ibara yake hayupo ukumbini, Mwenyekiti anaita jina, kimya, ibara inapita. Hilo la mwisho ukilikuta, andika kwa wino mwekundu.

Busisi_Daraja

Mkuu, na kwa upande wa fedha je? Kuna waliolaumiwa humu kwamba "hawakuongeza hata shilingi" kwenye mfuko wa wanawake.

Mkolani_Juu (mleta uzi)

Lawama hiyo haiwezekani kikatiba. Ibara ya 99 inazuia Bunge kushughulikia pendekezo la kuongeza kodi au kuongeza matumizi ya fedha za Serikali isipokuwa limetoka kwa Rais kupitia Waziri. Mbunge wa kawaida hawezi kuongeza. Anaweza kushawishi kabla, kwenye Kamati ya Bajeti na kamati za kisekta, na anaweza kubana wakati wa kupitisha.

Kubana ndiko kushika shilingi. Wizara ikishajadiliwa, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi. Mnapofika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge anasimama kuomba ufafanuzi wa jambo la kisera. Asiporidhika anatangaza kwamba anashika shilingi, yaani anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja ili jambo lake lijadiliwe. Wenzake wakimuunga mkono, wanachangia kwa dakika chache, Waziri anajibu tena, kisha mwenye hoja anarudisha shilingi au inapigiwa kura.

Sehemu ya kusoma kwa makini ni sentensi zilizo kabla tu ya "narudisha shilingi". Je, Waziri alitoa tarehe? Alitaja kiasi? Alitaja waraka au kanuni atakayoitoa? Au alisema "tumelipokea, tutalifanyia kazi"? Mbunge aliyerudisha shilingi kwa "tumelipokea" hajapata kitu. Aliyerudisha kwa "kabla ya Mkutano ujao nitaleta kanuni" amepata ahadi yenye tarehe, na wajibu wake ni kuiulizia Mkutano ujao. Nenda Mkutano unaofuata ukaangalie kama aliuliza.

Muda nao ni adui. Siku ikielekea kuisha Kiti kinatumia gilotini, mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo bila mjadala. Mbunge ambaye jambo lake liko kwenye mafungu ya mwisho anakosa nafasi, na hapo si kosa lake.

Halafu kura. Kwa kawaida ni kura za sauti, na Hansard itaandika tu kwamba hoja ilitolewa iamuliwe, ikaamuliwa na kuafikiwa. Huwezi kujua nani alisema siyo. Majina yanaitwa mmoja mmoja kwenye kura ya bajeti ya Serikali mwezi Juni, na hapo orodha yote imo. Ukimsikia mtu anadai mbunge fulani alipiga kura ya hapana kwenye muswada wa kawaida, muulize amelitoa wapi.

Dada_Pasiansi

Jamani mmezungumza vyombo, niwape mada yenyewe tuione ikitembea: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kifungu cha 37A, kilichoingizwa 2018, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo ilikuwa inaendeshwa kwa maelekezo tu, kila halmashauri na moyo wake. Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji ili kurekebisha utaratibu, baada ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kuonyesha mwaka baada ya mwaka mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyoeleweka, na ukarejeshwa 2024.

Sasa mbunge akisimama na kusema "asilimia 10 iwafikie wanawake wetu wa Kirumba Mwaloni wanaoanika dagaa", ni maneno mema lakini Waziri atajibu kwa sentensi moja. Mchango wenye meno unauliza: asilimia 10 ya kipi? Ya makisio, au ya kilichokusanywa? Inatolewa kila mwezi mapato yanapoingia, au inasubiri Juni? Marejesho yanarudi kwenye akaunti ya mikopo, au yanahesabiwa tena kama sehemu ya asilimia 10 ya mwaka unaofuata? Hilo la marejesho ndilo tundu kubwa. Kwa mfano wa hesabu tu: halmashauri ina mapato ya ndani ya bilioni 5 yanayohesabika. Inatakiwa kutenga milioni 500: milioni 200 wanawake, 200 vijana, 100 wenye ulemavu. Marejesho ya mwaka jana yakiwa milioni 150 na mweka hazina akayaingiza humo humo, fedha mpya iliyotoka ni milioni 350. Karatasini imetimia, mitaani imepungua kwa theluthi moja kasoro kidogo.

Mbunge aliyeuliza swali la nyongeza kuhusu marejesho amefanya kazi kubwa kuliko aliyesema wanawake mara 20.

Na upande wa asilimia 2: fedha hii mara nyingi haikuchukuliwa yote kwa sababu masharti ya kikundi yalikuwa magumu kwa mtu ambaye mtaani kwake hana wenzake wenye ulemavu wa kuungana nao. Hilo ni la kanuni, halihitaji sheria mpya. Kwa hiyo mbunge aliyeomba "tubadilishe sheria" alikosea mlango. Alitakiwa amwombe Waziri wa TAMISEMI arekebishe kanuni, au apitie Kamati ya Sheria Ndogo, ambayo kazi yake ni kuzichambua kanuni na sheria ndogo zikishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali.

Nansio_Bandarini

Dada umenena. Nikubaliane na wewe nusu. Nusu nyingine nakataa kwamba mchango usio na njia ya kikanuni hauna thamani. Fikirieni kipindi cha mauaji ya watu wenye ualbino kanda yetu ya ziwa. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwanamke wa kwanza mwenye ualbino bungeni. Mwaka 2010 Salum Barwany akachaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini, na mwaka huo huo ikapita Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mtu kusimama pale na mwili wake, akasikilizwa kama Mheshimiwa, wakati huku Mwanza, Shinyanga na Geita watoto wanafichwa ndani, kulikuwa na uzito ambao jedwali la marekebisho halina safu yake.

Dada_Pasiansi

Nakubali kaka, na sitabishana. Ila uzito ule uendelezwe. Sheria ile ile ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Kiwanda cha samaki chenye wafanyakazi 200 kinatakiwa kuwa nao 6. Mbunge wa jimbo lenye viwanda aulize kwa idadi: viwanda vingapi vimekaguliwa, vingapi vimetimiza. Swali la msingi linapelekwa kwa maandishi, Serikali ina muda wa kutafuta takwimu, haina kisingizio.

Makongoro_Mahakamani

Ngojeni niwalete upande wa sheria, maana usawa umetembea zaidi mahakamani kuliko bungeni, na mwanzo wake ni hapa hapa Mwanza.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji James Mwalusanya, iliamua kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory kutoka Kagera. Mwanamke alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza, mpwa wake akapinga kwamba mila za Kihaya hazimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema ubaguzi huo unapingana na Katiba na haki za binadamu. Miaka tisa baadaye, 1999, Bunge lilipotunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20 kikasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili, na Baraza la Ardhi la Kijiji likawekewa wajumbe 7, kati yao 3 wanawake.

Lakini tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 kuhusu urithi, linalomweka mtoto wa kike daraja la mwisho, halikufutwa na hukumu ile. Hapo ndipo mchango wa mbunge unapotakiwa. Mwingine ni Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilivitangaza kinyume na Katiba 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha 2019. Kufuta maneno ndani ya sheria ni kazi ya Bunge.

Kwa hiyo ukiwa na Hansard ya mjadala wa Wizara ya Katiba na Sheria, tafuta "13 na 17". Mbunge aliyetaja vifungu na hukumu, akauliza muswada unaletwa lini, anajua anachokifanya. Aliyesema "tuwalinde watoto wa kike" bila kugusa kifungu, soma uone alikuwa anaunga mkono upande gani, maana wapo waliosema maneno hayo hayo huku wakitetea miaka 15.

Igoma_Kati

Wabeja sana mkuu. Na wabunge wa viti maalum wapimwe vipi? Maana hawana jimbo.

Makongoro_Mahakamani

Ibara ya 66 ya Katiba inataka wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge, na Ibara ya 78 inavigawa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge. Bunge la 2020 walikuwa 113. Hawana Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ule wa sheria ya 2009 ambao mbunge wa jimbo ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Na Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu atoke kwa wabunge wa majimbo, kwa hiyo mlango huo wamefungiwa. Ni jambo la usawa lenyewe, na mbunge aliyewahi kulisema bungeni anastahili kuandikwa.

Kwa sababu hana jimbo, usimpime kwa barabara na visima. Mpime kwa mada: chagua mbili au tatu, kwa mfano asilimia 10, urithi, ukatili wa kijinsia, na umfuate miaka mitano nzima kuona kama anarudi kwenye jambo lile lile kila bajeti au anaruka ruka.

Mkolani_Juu (mleta uzi)

Vizuri sana. Nimalizie mawili halafu tugawane kazi.

La kwanza, ripoti ya CAG. Inamfikia Rais mwishoni mwa Machi na huwekwa mezani Aprili kwa mujibu wa Ibara ya 143. Ila Bunge huwa linasubiri kamati zake za hesabu, PAC (za Serikali Kuu) na LAAC (za Serikali za Mitaa), zihoji watendaji kwanza, na mjadala kamili huja mwishoni mwa mwaka taarifa za kamati hizo zinaposomwa. Wabunge wengi hupaza sauti Aprili vyombo vya habari vinapokuwa vimewaka. Nyie angalieni mwishoni mwa mwaka, siku maazimio yanapoandikwa: nani alipendekeza maneno ya azimio, nani alitaka muda wa utekelezaji uwekwe.

La pili, linganisheni na nyumbani. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Akidai Dodoma asilimia 10 haitolewi, je, alisema hivyo kwenye baraza lililopitisha bajeti ya halmashauri hiyo hiyo? Mihtasari ya baraza iko kwa Mkurugenzi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi, na mamlaka ina siku 30 za kujibu. Barua iwe fupi: taja mkutano wa baraza, tarehe yake, na kwamba unaomba muhtasari uliothibitishwa. Ukiomba "taarifa zote za mbunge" utajibiwa ombi halieleweki. Kwa fedha za Serikali Kuu, fungu la TAMISEMI ni 56 na la Mkoa wa Mwanza ni 81. Yatafuteni hayo kwenye vitabu vya bajeti badala ya kuzunguka na maneno.

Jedwali letu liwe na safu hizi: Mkutano, Kikao na tarehe, mjadala, njia aliyotumia, ombi kwa maneno yake mwenyewe, jibu la Serikali kwa maneno yake, ahadi ina tarehe au haina, alifuatilia lini. Tunukuu neno kwa neno, tusifupishe kwa kumpendelea wala kumkomoa mtu. Kila safu ithibitishwe na mtu wa pili aliyefungua faili mwenyewe. Pasipo mtu wa pili, iandikwe "haijathibitishwa".

Karatasi_Mezani

Nachukua Nyamagana na Ilemela, Mikutano ya bajeti kwanza.

Nansio_Bandarini

Ukerewe ni yangu, na nitamthibitishia wa Buchosa akipatikana.

Dada_Pasiansi

Mimi viti maalum wa mkoa, mada ya asilimia 10. Makongoro nisaidie urithi na ndoa.

Makongoro_Mahakamani

Sawa dada. Nitumie Kikao na ukurasa, nitasoma vifungu.

Busisi_Daraja

Sengerema nimeibeba. Magu, Misungwi, Kwimba, Sumve na Buchosa bado hazina mtu, anayeweza aandike hapa chini.